Jini Aliyekataa Kutoa Sharbati

Alikuwako zamani, na Mola ndiye ajuaye zamani hiyo ni lini, Sultani aliyeitwa Mudhaffar bin Rashdi, naye akitawala mji wa Kausari, mji wa chemchemi na mabustani uliozungukwa na milima myekundu. Alikuwa mwema wa moyo, lakini aliishi kama mtu aliyelala ndani ya chandarua cha hariri: upepo ulimfikia, mbu hawakumfikia. Na kila Ijumaa mpiga mbiu alipanda mnarani na kunadi, "Enyi watu wa Kausari! Serikali ya Maulana imepiga hatua! Rushwa imepungua, na Ijumaa ijayo itapungua zaidi!" Na watu wakaitikia, "Alhamdulillahi," kisha wakashika njia kuwapelekea wakubwa sharbati, maana ndilo jina waliloipa rushwa katika mji ule. Na bila sharbati hukupata maji ya shamba, wala hukumu, wala nafasi ya kumzika maiti wako.

Katika mji huo aliishi kijana aitwaye Sururu bin Hadidi, mshona matandiko ya farasi. Baba yake, mzee Hadidi, alikuwa na bustani yenye chemchemi tamu, na tajiri mmoja jina lake Ghulamu akaitamani. Mzee alipokataa kuiuza, mlinzi wa Ghulamu akafa kwa homa, na Ghulamu akadai kuwa Hadidi ndiye aliyemtilia sumu. Kadhi Zakwani hakuuliza shahidi. Akahukumu mzee akatwe shingo siku ya Ijumaa, baada ya swala ya alasiri.

Basi Ijumaa hiyo asubuhi Sururu akasimama langoni kwa Sultani, na kifuani ameficha kikuku cha dhahabu cha marehemu mama yake. Mbele yake alisimama bibi kikongwe, jua likimchoma utosini. Sururu akamtandia kitambaa cha tandiko kichwani.

"Ahsante, mwanangu," akasema bibi. "Tangu nianze kusimama hapa, wewe ni wa kwanza kunipa kivuli."

"Umesimama tangu lini, bibi?"

"Tangu enzi za babu yake bawabu huyu. Yeye naye alikuwa na kiu ya sharbati."

Sururu akadhani ni mzaha wa uzee, mpaka alipotazama chini akaona nyayo za bibi hazigusi vumbi. Akarudi nyuma hatua moja.

"Usiogope," akanong'ona kikongwe. "Mimi ni Dhahabiya, jini wa milima hii. Babu yake Sultani alinipa kazi: nikiitwa ndani ya nyumba hii, kila kitu kilichopatikana kwa sharbati kitamtaja mwenyewe. Lakini niliapa kutoingia bila kukaribishwa na aliye katika kiti cha enzi, na mlango ulionunuliwa huniunguza. Basi nangoja."

Mara bawabu akaona kitu kikimeta kifuani mwa Sururu. "Kijana, koo langu limekauka," akasema akilamba midomo. "Kilete hicho, na sasa hivi utamwona Waziri."

Mkono wa Sururu ukaingia kifuani wenyewe. Akilini akamwona baba yake amepiga magoti juani. Akamgeukia bibi, machozi yakimlengalenga.

"Sikulaumu," akasema Dhahabiya. "Baba ni baba."

Sururu akakishika kikuku. Kisha akawaza: kikuku hiki kitanunua mlango huu, na nyuma yake kuna mlango wa Waziri, na nyuma ya Waziri yuko Kadhi, na huko Ghulamu amekwisha kupita na mzigo wa ngamia. Akautoa mkono mtupu.

"Koo lako, bwana, kalioshe kisimani," akasema.

Bawabu akainua bakora, lakini kabla hajapiga, tarumbeta zikalia na lango likafunguka wazi, maana Sultani alikuwa anatoka kwenda msikitini, amepanda farasi mweupe mfano wa maziwa, na Waziri Fadhaili na Kadhi Zakwani kando yake. Sururu akachomoka kama mshale akajitupa mbele ya kwato, na walinzi wakamrukia, na mikuki ikamgusa shingo.

"Mwacheni aseme," akaamuru Sultani. "Ewe kijana, wataka nini hata ukaihatarisha roho yako?"

"Maulana, Mungu akuzidishie umri! Siombi mali wala cheo. Naomba umwambie bibi huyu neno moja tu: karibu."

"Ni wendawazimu hao, Seyidina," akasema Waziri upesi. "Tuendelee."

Sultani akamtazama kwa mshangao. "Tangu lini kumkaribisha mzee kukahitaji ushauri wa Waziri? Karibu, bibi. Karibu nyumbani kwangu."

Lo! Ardhi ikatikisika, na moshi wa rangi ya dhahabu ukapanda, na Dhahabiya akavuka kizingiti, akarefuka hata akaupita mnara, akapiga kofi moja lililovuma milimani. Hapo viatu vya bawabu vikapiga kelele, "Sisi ni wa mjane muuza ufuta!" Kilemba cha Waziri kikalia, "Mimi ni wa wakulima walionyimwa maji!" Ngoma ya mpiga mbiu ikajibu kutoka juu mnarani, "Na mimi! Na mimi jamani!" na watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Kisha joho la Kadhi likanguruma, "Nimetoka kwa Ghulamu ili mzee Hadidi auawe, na mlinzi alikufa kwa homa!"

Watu wakapaza sauti kama mto uliovunja kingo. Ndipo farasi mweupe naye akainua kichwa akasema, "Na mimi, Maulana, nililetwa na liwali wa milimani, ili usiulize fedha za visima alizozila."

Sultani akashuka, akavua viatu, akasimama mavumbini kama wao.

"Kumbe nami nimekunywa," akasema. "Farasi huyu na auzwe, visima vichimbwe, na liwali aletwe. Wote mliosikia vitu vyenu vikiita, vichukueni. Nanyi, Waziri na Kadhi, mtasimama mbele ya kadhi mwingine, na mlango wake utakuwa wazi. Mzee Hadidi aachiwe sasa hivi!"

Kadhi akaanguka kifudifudi. "Maulana, nisamehe! Nilituma neno mapema, hukumu isingoje alasiri!"

Sururu akapiga ukelele. Dhahabiya akamnyakua kwa upepo, akampitisha juu ya masoko na mabustani, akamtua uwanjani mbele ya baba yake wakati upanga umekwisha kuinuliwa. "Ni amri ya Sultani!" Sururu akapaza sauti, na upanga ukasita hewani. Na mzee Hadidi, aliyekuwa amekwisha kutamka shahada, akafumbua macho akamwona mwanawe, na wote wawili wakalia kwa furaha.

Tangu siku hiyo mashtaka yalisikilizwa hadharani, na maji yakafika kwa mnyonge kama yalivyofika kwa tajiri. Sururu akafanywa msimamizi wa diwani, baraza la mashtaka, akapewa nyumba na mashamba ya halali. Kisha Sultani akasema, "Nakuoza binti yangu Nurulaini."

Sururu akainama hata paji likagusa zulia. "Maulana, je, mwenyewe ameridhia? Nisije nikapewa sharbati na mimi."

Kicheko kikasikika nyuma ya pazia. "Mwambieni," akasema Nurulaini, "nimetafutiwa wachumba tangu nivunje ungo, na huyu ndiye wa kwanza kuniuliza. Nimeridhia."

Wakaoana, na mji ukala na kucheza hata miguu ikachoka. Nanyi wasikilizaji, jueni: haki inayonunuliwa leo, kesho atakuja mwenye mfuko mzito zaidi ainunue mikononi mwenu, na mtawala atakaye kusafisha nyumba, na aanze kufagia chini ya kiti chake.