Kizingiti Kilichomwendea Mwali

Paukwa!

— Pakawa!

Ah! Mmeitika kama watu walioshindia maji. Ng'ombe wenu hawatavuta gari kwa sauti hiyo. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo sawa. Shikeni nira, twende.

Hapo zamani za kale, bibi ya bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji upande huu wa mto. Ng'ambo ya mto ilikuwa nchi ya watu wengine, na juu ya kilima palikuwa na kijiji chao. Huku kwetu aliishi Bibi Kidawa. Watu wanamkumbuka mpaka leo. Hawamkumbuki kwa upole, maana upole hakuwa nao. Akikasirika, hata jogoo alimeza wimbo wake. Wanamkumbuka kwa sababu neno lake lilikuwa moja: ulilolisikia asubuhi ndilo utakalolisikia jioni.

Bibi Kidawa alikuwa na mjukuu, Chausiku. Chausiku akaposwa na watu wa ng'ambo. Siku ya kupelekwa ikafika. Akapambwa, akapakwa hina nyayo zote mbili, akakalishwa juu ya gari la ng'ombe, mikeka chini, mikufu shingoni. Moyo unamruka kama bisi kwenye kikaango! Bwana harusi alikuwa amemwona mara moja tu, sokoni, na mara hiyo moja ilimtosha.

Sasa sikilizeni vizuri, fundo liko hapa. Mila ya ng'ambo ilikuwa hivi: mwali hakanyagi ardhi ya nchi yao mpaka afike kwenye kizingiti cha mama mkwe. Hapo kizingitini ndipo hushuka, akaoshwa miguu, jua lingali juu. Akikanyaga vumbi kabla ya hapo, anarudishwa kwao. Jua likimzamia njiani, anarudishwa kwao. Na kubebwa mgongoni? Hubebwa mgonjwa, hubebwa maiti. Mwali habebwi. Na mwali aliyerudishwa, enyi wenzangu, nani atamposa tena?

Mwendesha gari alikuwa Mhina, mwanamume mzima na ndevu zake, mdomo mwepesi. Bibi Kidawa alimpa kibuyu cha mafuta ya kondoo.

"Mhina, haya ni ya mhimili. Ule mti unaoshika magurudumu mawili, upake mpaka unywe."

"Utakunywa, Bibi, mpaka ulewe!"

Wakaondoka. Bibi Kidawa anatembea pembeni na fimbo yake, pembe ya mbiu begani, Mhina mbele na ng'ombe, Chausiku juu. Wakavuka mto, maji yakibusu ubao. Wakaingia nchi ya watu. Gari likaanza.

Kwii-kwaa! Kwii-kwaa!

"Gari lalia, Mhina, gari lalia!"

"Laimba, Bibi, laimba! Lafurahia harusi!"

Kwii-kwaa! Kwii-kwaa! Wakapanda kilima cha kwanza.

"Gari lalia, Mhina, gari lalia!"

"Laimba, Bibi, laimba!"

Chausiku juu kule akacheka. Kilima cha pili kikatokea, na juu yake mapaa ya ukweni, na moshi wa masufuria ya pilau. Aliyaona! Akanyoosha shingo. Akajiinua kidogo. Ndipo chini yake akasikia:

Kra! Kraaa… pwaa!

Gari likalala ubavu kama mbuzi aliyechoka. Gurudumu moja likachomoka, likateremka peke yake, gulu gulu gulu, likaingia kichakani. Chausiku akang'ang'ania ukingo wa gari. Mguu mmoja ukaning'inia nje. Vumbi jekundu la nchi ya watu lilikuwa pale chini, karibu kabisa, kiasi cha kiganja.

"Mguu!" akafoka Bibi Kidawa. "Mguu, Chausiku!"

Chausiku akaukunja haraka, magoti kifuani, pumzi zikimwenda mbio.

Bibi Kidawa akainama, akatazama chini ya gari. Mhimili umekatika vipande viwili. Akaugusa. Mkavu kama mfupa. Akasimama, akamtazama Mhina. Mhina anang'aa! Kichwa kinang'aa, mikono inang'aa, hata pembe za ng'ombe zinang'aa.

"Mhina. Mafuta yako wapi?"

"Bibi, nilisema tunaenda ukweni, watu wasituone tumepauka…"

"Kwa hiyo umejipaka wewe!"

"Mimi na ng'ombe, Bibi. Mhimili nani anauona?"

Fimbo ya Bibi Kidawa ilipita hewani, vuu! Mhina akainama, ikapita. Bahati yake.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka. Mti wa kutosha kuwa mhimili haukuwapo, ni nyasi na vichaka tu. Na hata ungekuwapo, gari halitengenezwi likiwa na mtu juu yake. Mhina akasogea karibu, akanong'ona:

"Bibi, njia haina mtu. Ashuke. Atembee mpaka pale nyuma ya mawe, tumkung'ute vumbi, tumsimamishe kizingitini kama vile ameshushwa na gari. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Na wewe utasema?"

"Nikiulizwa, nitasema. Nisipoulizwa, nitasema vilevile."

Mhina akajishika kichwa, mkono ukateleza kwa mafuta.

Bibi Kidawa akamgeukia mjukuu wake. Sauti ikashuka. Chausiku hakuwahi kuisikia imeshuka hivyo.

"Mjukuu wangu. Kuna njia ya uongo, iko hapo, fupi. Kuna njia ya kweli, na urefu wake siujui, nisikudanganye. Huenda jua likatushinda. Miguu ni yako, ndoa ni yako. Sema."

Chausiku akatazama moshi wa pilau kule juu. Akatazama vumbi. Machozi yalimjaa, akayazuia yasiharibu wanja. Akawaza: nikiingia kwa uongo, kila siku nitavuka kizingiti kile nikikitazama, nacho kinanitazama.

"Bibi," akasema, "pembe hiyo hapo ya mbiu. Ipige."

"Pembe!" Mhina akaruka. "Tuko nchi ya watu! Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, watakuja na mikuki!"

"Waje," akasema Bibi Kidawa. "Si watu tunaowatafuta?"

Akaitwaa pembe, akaipuliza.

Buuu! Buuu! Bu-bu-buuu!

Kilima kikaitika. Mbwa wakabweka. Halafu wakaonekana! Wanateremka, vumbi nyuma yao, mikuki, marungu, michi, na mbele ya wote mwanamke mpana, upawa wa pilau bado mkononi. Huyo ndiye Nyangasa, mama wa bwana harusi.

"Nani kawavamia? Wako wapi?"

"Hatukuvamiwa, mkwe," akasema Bibi Kidawa. "Gari limevunjika. Na halikuvunjwa na barabara yenu, limevunjwa na sisi. Mafuta ya mhimili huyu hapa kajipaka."

Watu wote wakamgeukia Mhina. Mhina akatamani awe gurudumu lile, alale kichakani.

"Mnatuletea mwali kwa gari bovu?" akauliza Nyangasa.

"Gari bovu, ndiyo. Mwali mzima."

"Eti mzima. Hajashuka?"

"Hajashuka."

"Atajuaje mtu? Gari limeanguka, njia haina watu…"

Chausiku hakungoja kusemewa. Pale pale ubavuni mwa gari akanyoosha miguu yote miwili, nyayo mbele ya macho yao. Hina nyekundu imekaa, kila ua na tawi lake. Vumbi hata chembe. Wazee wakainama kutazama. Mmoja akapitisha kidole, akakiangalia kidole chake: kisafi.

Mhina akalikumbuka shauri lake la kumtembeza. Vumbi lile jekundu lingeingia kwenye kila ua la hina, na nani angelikung'uta likatoka?

Nyangasa akashusha upawa. "Ukweli mnao," akasema. "Lakini jua linazama, mkwe, na mila ni mila. Miguu iko huku, kizingiti kiko kule."

"Nimeona," akasema Bibi Kidawa. "Mila yenu siivunji, na siizunguki. Nauliza tu mbele ya watu wote, na mkikataa namgeuza mjukuu wangu, tunarudi kwetu. Miguu imekatazwa kutembea. Je, kizingiti kimekatazwa?"

Mzee mmoja akakohoa. "Tangu lini kizingiti kikatembea?"

Nyangasa akamgeukia kwa hasira, na hasira yake ilikuwa pacha wa ile ya Bibi Kidawa. "Na tangu lini kilizaliwa mlangoni kwangu? Si marehemu mume wangu alikitoa msituni, mkiwa mmekibeba ninyi ninyi? Nendeni mkaking'oe!"

Ehee! Mbio! Vijana wakapanda kilima kama moto wa kiangazi. Chausiku anatazama jua, anatazama kilima. Jua linashuka. Vijana hawaonekani. Jua linagusa vichaka. Hawaonekani. Mara, vumbi! Wanaume sita, gogo la mninga mabegani, wanateremka wakiimba:

"Kizingiti hicho!"

— Kinakwenda!

"Kinakwenda wapi?"

— Kwa mwali!

Itikieni na ninyi, mbona mmekaa tu? Kizingiti hicho!

— Kinakwenda!

Wakakiweka, tii! ubavuni mwa gari. Nyangasa akashika mtungi. Chausiku akashuka. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, juu ya mninga. Maji yakamwagwa, baridi, yakapita katikati ya vidole vyake, na jua likiwa bado jicho moja nje. Vigelegele! Ng'ombe wakashtuka!

"Karibu nyumbani kwangu," akasema Nyangasa, pale porini.

Basi gari likawa tupu. Bibi Kidawa akalizunguka gogo, akaligonga kwa fimbo. Ko, ko. Refu. Gumu. Limenyooka.

"Mkwe," akasema, "nisikufiche. Nakitamani kizingiti chako."

Nyangasa akacheka mpaka akaketi. "Kichukue! Kimeshaonja kutembea, hakitakaa tena mlangoni."

Mafundi wakakichonga ncha kwa shoka na tezo, magurudumu yakavikwa. Mafuta yakaletwa. Mhina akayapaka yote kwenye mhimili, hata tone la kiwiko hakujibakizia, akaingia harusini amepauka kama jivu. Gari likapanda kilima. Mnalisikia? Sikilizeni. Kimya. Halikulia tena, kwenda wala kurudi, na miaka mingi lilipita kati ya vijiji viwili juu ya mti uliowahi kuwa mlango.

Mimi mafunzo ya kupamba siyajui. Nasema moja: ukikwama ugenini, taja ulichokivunja kabla hujaulizwa. Mwongo hujikokota peke yake, msema kweli husaidiwa kubeba.

Na ng'ambo kule mpaka leo, wakisikia mwali amekwama njiani, hakuna anayeuliza kwa nini kachelewa. Wanauliza: "Nani ana shoka, tung'oe kizingiti?"

Hadithi yangu hapo ndipo inapofungua ng'ombe wake. Wenye kiu wakanywe.