Waliobebwa kwa Machela

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Viti vya mbele haviumi. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe. Nanyi wa dirishani, nyamazeni kidogo tusikizane.

Kulikuwa na mtakwimu mmoja, mwanamke, kazi yake kuchambua hesabu za wagonjwa. Alitumwa kwenye zahanati ya mlimani. Madaftari yalisema kina mama wanaojifungulia pale hufa zaidi kuliko wa hospitali ya bondeni, tena mara tatu. Mkuu wake alikwisha kuamua: pafungwe. Ilibaki sahihi ya mtakwimu tu.

Akamkuta mkunga mzee anafua mashuka.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kwa habari ya vifo."

"Marahaba. Sema umekuja kunifungia mlango. Kalamu si hiyo umeishika?"

Mtakwimu akaona haya, akafunua daftari la zahanati. Kando ya majina mengi palikuwa na vidoa vya wino.

"Bibi, mbona unachafua daftari?"

"Nachafua! Hizo ni alama, mwanangu. Hao waliletwa kwa machela, uchungu siku ya pili, ya tatu. Wasio na kidoa walikuja kwa miguu yao. Wewe umewachanganya wote, halafu unanilaumu mimi?"

Mtakwimu akaketi chini. Akachora mishale kwenye karatasi: umbali humchelewesha mama, kuchelewa humleta hapa, na kuchelewa huko huko ndiko humuua. Zahanati haikuwa mwuaji. Ilikuwa mlango wa kwanza uliofunguka!

Akashuka bondeni, akakaa siku nne na mabawabu wa hospitali, maana daftari lao la langoni lilionyesha nani alitembea na nani alibebwa. Huko wengi walitembea. Mlimani wengi walibebwa. Akalinganisha waliobebwa na waliobebwa, waliotembea na waliotembea. Kumbe! Kwa hawa na kwa wale, mkono wa yule bibi uliokoa zaidi.

"Ripoti imeshaandikwa," mkuu akafoka. "Unataka kuniaibisha?"

"Basi tuaibike sote wawili, mzee. Ukipafunga, wa machela watabebwa saa sita zaidi, na watafia njiani. Sahihi yangu huipati."

Hakuipata. Zahanati haikufungwa.

Sasa niwaulize. Ile nyumba mtaani kwetu isiyokosa kilio, wanakolala wasichana waliofukuzwa kwao na wagonjwa waliotelekezwa, si tumeiita nyumba ya mikosi? Nani kati yetu aliuliza walifikaje pale? Walibisha hodi wapi kwanza? Walibisha kwetu, wanangu. Sisi ndio tuliowachelewesha, kisha tukakaa kuhesabu misiba mlangoni pa aliyewafungulia.

Mkunga alipofariki, binti yake alirithi mkasi na beseni. Mtakwimu alirithi lile daftari lenye vidoa. Na machela? Hiyo imebaki kwetu sisi, na inataka mabega manne.