Presha ya Matairi na Kengele ya Pasaka

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema bali zamani ya juzi tu, wakati Wamoravian wa kilima kimoja huko Tukuyu walipokuwa bado wanaitwa ibadani kwa kugonga kipande cha reli, aliishi mjane aitwaye Tupokigwe. Nisikilizeni polepole, maana mwisho wa safari hii nina neno la kuwauliza.

Mumewe, Ambakisye, alisimama kanisani siku moja akaweka nadhiri.

"Kila Pasaka tunakwenda makaburini alfajiri kuwaimbia wafu wetu kwamba Bwana amefufuka," alisema, "nasi tunaitwa kwa reli kama vibarua. Pasaka ijayo tutaitwa kwa kengele. Na ataigonga kwanza yule atakayeifikisha."

Akaagiza kengele ng'ambo. Kengele ikapakiwa melini. Lakini kabla meli haijafika, presha ilimpanda Ambakisye, akaanguka katikati ya shamba la chai, akafa. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Watu nao ni watu. "Kengele ya Ambakisye?" walicheka sokoni. "Hiyo tutaisikia mbinguni!"

Pasaka hiyo jina la Ambakisye lingesomwa makaburini pamoja na majina ya wote waliolala mwaka ule, na moyo wa Tupokigwe ulikataa lisomwe kwa mlio wa reli. Meli ilipotia nanga Dar es Salaam, Pasaka ikiwa mlangoni, alilitoa pikapu kuukuu la marehemu akasafiri na ndugu wawili wa mumewe. Mmoja ni Gwakisa, shemeji yake, aliyekuwa dereva. Wa pili ni Sekela, wifi yake, muuguzi wa zahanati.

Alfajiri ya Ijumaa Kuu, huko Dar es Salaam, kengele ilikuwa imefungwa nyuma kwa kamba nene. Pikapu lilikuwa limechuchumaa kama kuku anayetaga. Tupokigwe alikwisha kuketi, ameshika Biblia. Sekela alikwisha kuketi. Gwakisa peke yake alikuwa bado chini, amefungua mlango, anasoma kibao kilichobandikwa kwenye nguzo yake.

"Kibao cha upepo wa matairi kina namba mbili," alisema. "Moja ya gari tupu, moja ya gari lenye mzigo. Matairi yetu yana upepo wa gari tupu."

"Kaka, twende bwana!" alisema Sekela. "Tumebeba kengele, hatukubeba kuta za Yeriko."

"Dada yangu, tairi halifi kwa shibe, linakufa kwa njaa. Likiwa legevu chini ya mzigo linajikunja. Likijikunja linapata moto. Likipata moto linapasuka. Na upepo unapimwa sasa hivi, tairi likiwa baridi, halijatembea."

Akachukua pampu ya mguu akaanza kukanyaga. Alikanyaga hadi shati likamganda mgongoni, na Sekela akimcheka kupitia dirishani: "Endelea, fundi, tutafika Pentekoste!" Alipoinuka, matairi yote yalikuwa yamesimama, ya nyuma magumu kuliko ya mbele, kama kibao kilivyotaka. Ndipo wakaomba, ndipo wakaondoka.

Walipita Morogoro, wakapita Mikumi. Jua likawa kali, lami ikawa kama chuma cha kupigia pasi. Chini ya mlima wa Kitonga walisimama watie maji kwenye rejeta. Mbele yao kulikuwa na lori lililolala ubavu, tairi lake limechanika kama gome la mti. Gwakisa aliliona, akaingiwa na hofu, akatoa kipimo cha upepo na kukibana kwenye tairi la nyuma.

"Mungu wangu," alisema. "Presha imepanda."

Alisema habari ya tairi tu. Lakini neno hilo Tupokigwe alikuwa amelisikia mara moja katika shamba la chai, na hakuwa amelisikia tena tangu hapo. Alishuka garini, Biblia ikaanguka.

"Ishushe!"

"Shemeji, hii ni…"

"Nimesema ishushe, Gwakisa! Ya kaka yako tulichelewa kuishusha!"

Shemeji gani hubishana na mjane kwa neno kama hilo? Gwakisa alichutama, akachukua njiti ya kiberiti, akaichomeka kwenye valvu. Tsss, upepo ukaanza kutoka.

Sekela alikuwa anarudi na dumu la maji. Aliliangusha. "Acha! We Gwakisa, acha!"

Gwakisa alishtuka, akavuta mkono, njiti ikakatika. Sekela akamshika Tupokigwe mabega.

"Wifi, mimi presha ndiyo kazi yangu. Mtu akija kwangu ametoka mbioni, simpimi. Namwambia keti, pumzika, upoe kwanza. Anayehema hudanganya kipimo. Tairi hili liko mbioni tangu Dar es Salaam, lazima lipande. Ukilishusha sasa, likipoa litabaki na njaa. Na Kitonga ndiyo hii hapa, na kengele ndiyo hiyo nyuma."

Tupokigwe aliketi juu ya jiwe akalia. Hawakumharakisha. Alipokwisha, aliifuta Biblia vumbi akasema, "Haya, tupande kwa jina la Bwana." Wakapanda Kitonga, kona baada ya kona, na pikapu likitambaa na kunguruma, na Sekela akiimba tenzi kwa sauti ya kutisha, Gwakisa akimcheka, hadi wakatokea juu wakapiga kelele kama watoto.

Walilala Makambako. Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Gwakisa aliwasha gari.

"Zima," alisema Tupokigwe. "Jana mlimpima mgonjwa akiwa mbioni. Leo amelala, amepoa. Mpimeni."

"Shemeji, nilikwisha kuyajaza."

"Mpimeni."

Matairi matatu yalikuwa sawa, yamerudi karibu na pale Gwakisa alipoyaacha. La nne, lile la njiti, lilikuwa limeshuka vibaya. Walitafuta msumari, hawakuuona. Ndipo Tupokigwe alipokumbuka jinsi Ambakisye alivyokuwa akifanya kabla ya kila safari, huku yeye mkewe akimsuta kwa uchafu. Alilamba kidole, akapaka mate kwenye mdomo wa valvu. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena.

"Linapumua!" alisema. "Njaa yake iko hapa."

Ncha ya njiti ilikuwa imebaki ndani, valvu haikufunga. Alichomoa pini iliyoshika kitambaa chake cha msiba, akakitoa kijiti kile polepole. Alipaka mate tena, povu halikuja. Gwakisa akakanyaga pampu upya, na safari hii Sekela hakucheka, alipokezana naye.

Mchana walishuka vilima vya Tukuyu. Wa kwanza kuwaona walikuwa wachuma chai. Walikimbia na majani ya migomba mikononi, vigelegele vikapokewa kilima hadi kilima, na wale waliocheka sokoni ndio waliogombania kuishusha kengele. Jioni kengele ilikuwa inaning'inia kando ya kanisa.

Alfajiri ya Pasaka watu walikusanyika, makaburi meupe kwa ukungu nyuma yao. Mchungaji alishika kamba.

"Ambakisye alisema ataigonga kwanza aliyeifikisha. Semeni, ni nani?"

"Ni mimi," alisema Gwakisa. "Bila upepo niliojaza tusingefika hata Mikumi."

"Ni mimi," alisema Sekela. "Ulijaza ukataka kuumwaga mwenyewe. Bila mimi kengele ingelala Kitonga."

"Nisingejaza, ungezuia nini? Na kelele zako ndizo zilizokata njiti!"

"Na nani aliyenicheka nikiimba?"

Watu wakaangua kicheko, hata mchungaji. Kisha wakamgeukia Tupokigwe.

"Mimi ndiye niliyesema ishushwe," alisema. "Na mimi ndiye niliyesema mpimeni. Pini ilikuwa yangu. Lakini mate yale nilijifunza kwa Ambakisye, na nadhiri ni yake. Naye yuko pale, anangoja kuitwa."

Mashariki pakaanza kung'aa. Kamba ilivutwa. Kengele ililia, ikajaza bonde lote, na jina la Ambakisye likasomwa ndani ya mlio wake, na watu wakaitikia: Kweli, amefufuka!

Mkono ulioivuta kamba ile mara ya kwanza siwatajii. Gwakisa alijaza, Sekela alizuia, Tupokigwe alipima, Ambakisye alikuwa amelala. Nanyi mmesafiri nao tangu Dar es Salaam. Je, nani aliifikisha kengele?