Kidole cha Mume

Haya wapendwa, sogeeni, maana leo nimekuja na habari moto! Na simu zenu msizifiche, mfano wangu wa leo umo humo humo ndani ya simu.

Palikuwa na mama mmoja, mpishi wa shughuli. Harusi, ubatizo, kipaimara, sufuria kubwa zote za mtaa ule zilikuwa chini ya mwiko wake. Akapatwa na kisukari. Nyayo zikawa zinamwaka moto, macho yakaingia ukungu, akaanza kuogopa kwamba jiko litamshinda. Ndipo muuguzi wa zahanati akamwingiza kwenye kundi la WhatsApp la wagonjwa wenzake. Kila asubuhi unajitoboa kidole, unajipima sukari, unapiga picha kile kipimo, unaituma. Muuguzi anakujibu: leo punguza ugali, ongeza mchicha, jioni tembea kidogo.

Jamani, mama yule alifufuka! Sukari ikashuka, nyayo zikapoa, akarudi jikoni anaimba. Na kila akituma namba nzuri, kundi zima linamrushia vile vikono vya makofi: "Hongera mama, wewe ndiye mfano wetu!" Akayapenda makofi yale kuliko asali.

Ikaja wiki ya harusi. Sasa niambieni, mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Akaonja pilau, akaonja kaimati, akaonja na keki ambayo hata hakuipika yeye! Kulipokucha, kipimo kikasoma namba ya kutisha. Aitume hiyo, yeye mfano wa watu? Akamgeukia mumewe, fundi baiskeli, mwanamume mkakamavu asiyejua hata homa.

"Baba, hebu nipe kidole."

"Kidole changu? Kwani mgonjwa hapa nani?"

"Nipe tu bwana, hakiumi."

Namba ikatoka safi. Makofi! Kesho yake tena kidole cha baba, na keshokutwa tena, mpaka yule bwana akawa anaamka na kuficha mikono chini ya shuka. Nyayo za mama zikaanza kuwaka upya. Lakini angemuuliza nani? Mwenye namba nzuri vile anasemaje kwamba anaumwa?

Asubuhi moja muuguzi akaandika mbele ya wote: "Mama, umenifurahisha mno. Njoo kesho tukupunguzie dawa."

Makofi yakamiminika. Mama kashika simu. Mumewe akachungulia, akasoma, akasema, "Mke wangu, wanapunguza dawa za nani? Mimi sinywi dawa."

Mama akalia. Kisha akabonyeza akarekodi sauti: "Ndugu zangu, nisameheni. Kidole kile si changu, ni cha mume wangu. Sukari yangu imepanda, na miguu inaniunguza."

Hakuna kofi hata moja. Akajua leo anatolewa. Mara simu ikalia, mwalimu mmoja mstaafu anaandika: "Hata mimi. Zile za juzi ni za mjukuu wangu." Mwingine akaja: "Mimi natuma picha za mwaka jana." Na mwingine, na mwingine! Muuguzi akasoma zote, akajibu: "Mungu awabariki. Leo ndiyo mara ya kwanza nakutana na wagonjwa wangu."

Mnacheka? Mnamcheka nani? Sisi tumepewa Tabibu asiyechoka, tumepewa na kundi hili la ndugu, na kila Jumapili tunaleta nini hapa? Imani ya bibi zetu. Maombi ya wake zetu. Ushuhuda wa mwaka juzi! Tunapigiwa makofi, tunarudi nyumbani na ugonjwa wetu ule ule. Ndugu yangu, atakutibuje, na wewe umempelekea kidole cha mwingine? Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Haya, geuka umtazame jirani yako. Leo usimwambie kwamba umebarikiwa. Mwambie unaumwa wapi.