Pete ya Chuma ya Lubaba

Wamesimulia wapokezi wa habari za waja wema kwamba katika mji wa Wasit paliishi mhunzi mcha Mungu aliyeitwa Hanzala. Alimposa Lubaba, binti wa Bwana Suhail, muuza vitambaa, na kwa kuwa hakuwa na kitu, alitoa mahari ya pete ya chuma aliyoifua mwenyewe. Lubaba aliridhia. Baba yake naye akaridhia, maana kijana alikuwa mtu wa dini.

Lakini kuridhia faraghani ni rahisi. Kazi ni kutamka mbele ya watu. Siku ya akdi ilipofika, Bwana Suhail aliogopa vinywa vya matajiri wenzake. Akaificha pete ile mfukoni, akaweka nyingine kwenye sinia, iking'aa, wala hakumwambia mtu.

Kadhi alipomwashiria, alimshika Hanzala mkono, akatamka: "Nimekuozesha binti yangu Lubaba kwa mahari ya pete ya dhahabu."

Lilibaki neno moja tu, "nimekubali", Lubaba awe mkewe. Hanzala akanyamaza. Laiti ungeziona nyuso za watu! Bwana harusi, mkono umo mkononi mwa mkwe, naye hajibu! Bwana Suhail akamnong'oneza akubali tu, amsitiri, dhahabu ile ni hiba, zawadi anayompa kijana.

"Baba, mimi nilitoa chuma," alisema Hanzala. "Siwezi kukubali nisichokitoa, hata nikimkosa Lubaba."

Ukumbi mzima ukapigwa na butwaa. Bwana Suhail, kwa hasira na haya, akauachia mkono wake, akasema basi hakuna ndoa.

Hapo pazia la wanawake likatikisika, ukatoka mkono wa Bi Umama, mke wa Bwana Suhail na mama yake Lubaba, aliyejulikana mji mzima kwa upole wake. Aliivua pete yake ya ndoa, akaiweka kwenye sinia kando ya ile nyingine. Na kidole chake, ndugu zangu, kilikuwa na duara la kijani.

"Bwana, nilipoipangusa hiyo pete ya sinia leo asubuhi, shaba ilichungulia chini ya dhahabu," alisema. "Ni kama hii uliyonivisha mimi. Miaka yote nasugua kidole kwa ndimu ili wenzangu wasijue. Haki yangu nilikusamehe. Ya mwanangu siwezi kuisamehe."

Subhanallah! Kila nikifika hapa mwili hunisisimka. Mzee wa watu alidhani siri ni yake peke yake, kumbe siku zote alikuwa akisitiriwa! Alilia mbele ya wale wale aliowaogopa. Kisha akaitoa ile pete nyeusi mfukoni, akaushika tena mkono wa Hanzala, akatamka upya, mahari ikiwa pete ya chuma. Hanzala akakubali hata kadhi hajamwashiria.

Na kabla watu hawajatawanyika, Bwana Suhail alimwinamia mkwewe, akamwomba amfulie nyingine ya chuma, ya kidole cha Bi Umama.

Ndugu yangu, chuma hushika kutu, lakini hakijiiti dhahabu. Angalia unachomvisha mwenzio. Huenda anajua, na ananyamaza kwa ajili yako tu.