Umegonga Leo?

Hadithi hii nimeletewa na mtu ambaye naye aliletewa, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Isome polepole, hata kama hujui lolote kuhusu mchezo wenyewe.

Palikuwa na mwalimu mmoja mjini Tanga aliyeitwa Mwalimu Shekiondo. Alifundisha jujitsu ya Kibrazili ndani ya ghala la zamani la katani. Ni mchezo wa kukabana chini, hauna ngumi wala mateke. Unamshika mwenzako mkono, shingo au mguu, unambana mpaka akubali kwamba ameshindwa.

Kukubali kwenyewe kuna desturi yake. Aliyebanwa anagonga mkeka kwa kiganja, na aliyembana anamwachia papo hapo. Haulizi, habishi, haongezi hata kidogo. Bila desturi hiyo watu wasingeweza kukabana leo na kesho wakaja tena wakiwa wazima.

Mwalimu Shekiondo alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole wa maneno. Alisifika kwa ufundi wa kukamata miguu. Watu walitoka Muheza na Korogwe kuja kumwona akimnasa mtu kisigino. Lakini ufundi huo hakumfundisha kila mtu. Mwanafunzi angeweza kukaa naye miaka akijifunza mikono na shingo tu, na miguu asiiguse.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wanafunzi wake wote walilijua. Magharibi ikiingia, wenzake walipanga safu, naye alivuta kiti chake cha mbao pembeni akasali ameketi. Walidhani ni uzee, na hakuna aliyemuuliza.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwapo Mhina, kijana wa Makorora, fundi wa kupaua nyumba. Mwili wake ulijengeka kwa kupandisha mbao na mabati. Ila mzigo wake mkubwa haukuwa huo. Mama yake alipigwa na kiharusi akapooza upande mmoja, na Mhina ndiye aliyekuwa akimbeba. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimwinua kitandani, akamvusha ua, akamweka barazani aote jua na kusalimiana na wapita njia. Jioni alimrudisha ndani. Mama yule hakuwa na mwingine. Majirani walimpenda Mhina kwa hilo, na kwa kweli alistahili kupendwa.

Kasoro yake ilikuwa moja tu. Hakuwa tayari kugonga.

Akibanwa mkono, anauma meno. Jasho linamtoka, mishipa inamsimama shingoni, naye anavumilia mpaka mwenzake achoke au yeye achomoke kwa nguvu. "Mwanaume hagongi," alizoea kusema. "Maumivu ni ya kuvumilia." Na kwa upande wa mkono alifanikiwa, maana mkono humwonya mwenyewe. Huuma kidogo, ukauma zaidi, ukauma sana, na mtu anajua amebakiwa na nafasi kiasi gani.

Mhina alitamani sana kufundishwa miguu. Kila baada ya mazoezi alimfuata mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unianzishe miguu."

"Marahaba. Umegonga leo?"

"Sijagonga, mwalimu."

"Basi bado, mwanangu."

Mhina akaelewa alivyotaka kuelewa. Alidhani anapimwa uvumilivu, kwamba siku atakapothibitisha kuwa hagongeki kabisa, ndipo atakapofundishwa. Akazidi kukaza meno. Kila alipoulizwa alijibu kwa fahari kubwa zaidi, na kila mara akaambiwa bado. Masikini wa Mungu, kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyozidi kukipa mgongo alichokitaka.

Katika ghala hilohilo alikuwamo mshona nguo mmoja mwembamba, jina lake Mbelwa. Cherehani yake ilikuwa mtaa mmoja na kina Mhina, ikitazamana na baraza lao. Mbelwa aligonga kila siku. Akihisi tu kwamba mwenzake amemweka pabaya, kiganja kiko kwenye mkeka. Wenzake walimtania wakafurahi.

"Fundi, gonga taratibu, mwenye nyumba amelala!"

"Karibu ndani, mlango uko wazi!"

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," Mbelwa aliwajibu, akaweka mkanda wake sawa na kuanza upya.

Siku moja Mhina aliwahi kufika ghalani. Akamkuta Mwalimu Shekiondo ameketi mkekani na Mbelwa, kisigino cha mwalimu kikiwa mkononi mwa Mbelwa. Mbelwa alikuwa akifundishwa miguu, na kwa jinsi mkono wake ulivyojua njia, haikuwa mara ya kwanza.

Moyo ulimchoma Mhina. Hata shikamoo ilimpotea.

"Mwalimu, huyu? Huyu anayegonga hata akipigiwa chafya? Mimi mwaka mzima sijagonga!"

"Najua," mwalimu akajibu.

"Basi unanidhulumu."

Wanafunzi wengine walikuwa wameanza kuingia, wakasimama palepale mlangoni. Neno hilo halikuwahi kutamkwa mbele ya mwalimu. Mzee yule akasema, "Kabaneni, nyinyi wawili, mbele ya wote. Ukimgongesha Mbelwa, nakuanzisha miguu leo hii. Usipomgongesha, usiniulize tena."

"Ahadi, mwalimu?"

"Ahadi ni deni."

Wakapeana mikono, wakaanza. Mhina alimwangusha Mbelwa bila taabu, akamlalia kwa uzito wake wote. Mbelwa hakushindana na nguvu zile. Aliteleza chini yake, akauingiza mguu wa Mhina katikati ya mapaja yake na kuubana usichomoke. Vidole vya mguu ule vikanaswa kwapani mwake. Kisha mkono ukapita chini ya kisigino, ukafungwa.

Waliokuwa wakiujua mchezo wakasogea karibu. Mwalimu, aliyekuwa amehamia kwenye kiti chake, akainuka.

"Gonga, Mhina," Mbelwa akasema kwa sauti ya chini.

Mhina akatabasamu. "Nigonge kwa lipi? Siumii."

Mbelwa akakigeuza kisigino kidogo. "Gonga, ndugu yangu."

"Siumii hata kidogo! Kaza, fundi! Kaza kama ulivyofundishwa!"

Watu wakacheka. Mhina aliinua mikono yote miwili juu ili waione. Mbelwa hakucheka. Aliendelea kushikilia palepale, jasho likimdondoka kidevuni, akamtazama mwalimu kama anayeomba msaada. Mwalimu alikuwa ameukazia macho mkono wake.

Ndipo Mbelwa akautoa mkono wake kwenye kisigino, akagonga mkeka.

Vicheko vililipuka ghala zima. Aliyekamata ndiye aliyegonga! Hawakuwa wamewahi kuona kituko kama hicho. "Fundi umezoea mno," mmoja alipiga kelele, "hata ukishinda unagonga!" Mhina aliruka juu akishangilia, akatua kwa miguu yote miwili, akaruka tena. Kisha akasimama mbele ya mzee, kifua mbele.

"Amegonga, mwalimu. Ahadi ni deni."

"Ni deni, nami nalilipa," mwalimu akajibu. Akaja mpaka katikati ya mkeka, akajishusha chini kwa shida, mguu mmoja ameunyosha. "Keti. Lete mguu wako. Somo la kwanza ni hili."

Akakishika kisigino cha Mhina vilevile kama alivyokishika Mbelwa. Akaanza kukigeuza polepole mno.

"Unaumia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, mwalimu."

"Hapa ndipo Mbelwa alipofika. Nilikuwa nikiutazama mkono wake. Umebaki upana wa kidole kimoja. Kabla ya kidole hicho huumii. Baada ya kidole hicho, goti limekwisha." Akakiachia kisigino taratibu, akakilaza mkekani.

Hakuna aliyecheka tena.

Mwalimu akapandisha mguu wa suruali yake. Hakuna aliyewahi kuliona goti lile. Lilikuwa na kovu refu, limekaa upande, na alipojaribu kulikunja liligoma njiani.

"Nilikuwa na umri kama wako," akasema. "Mtu alinishika kisigino, akaniambia gonga. Nikawageukia watazamaji nikacheka, nikasema siumii. Na sikusema uongo, maana sikuwa naumia. Kwanza nilisikia mlio. Maumivu yalikuja baadaye, kama mgeni anayefika matanga yameshaanuliwa. Tangu siku ile sijaweka paji la uso wangu chini kumsujudia Mola wangu."

Akaushusha mguu wa suruali. Wanafunzi wakageuka kukitazama kile kiti cha mbao pembeni, na kila mmoja akaona haya kwa alivyokuwa akidhani.

Mzee akaendelea. "Mkono hukuonya, Mhina. Kisigino hakionyi. Mtu asiyekubali mpaka aumie atadhani na wenzake wako salama mpaka walie. Nitamkabidhije mtu huyo miguu ya watoto wa wenzangu?"

Kisha akamgeukia Mbelwa. "Na wewe. Ungeweza kumwachia tu. Kwa nini uligonga?"

Mbelwa alikuwa amejiinamia. "Ningemwachia, angesema nimeshindwa kumaliza, tungeanza upya. Na safari ya pili huenda mkono wangu ungepitiliza. Mkeka usipogongwa mchezo hauishi. Yeye hakutaka kugonga, basi nikamgongea."

"Hukuona aibu?"

"Niliona, mwalimu. Niliona sana. Lakini ule mguu niliokuwa nimeushika ndio unaombeba mama yake. Kila nikiinua macho kwenye cherehani namwona amekaa pale barazani. Nikajiuliza, huu mguu ukivunjika leo, kesho asubuhi nani atamtoa ndani?"

Mhina akajifunika uso kwa viganja vyake. Kijana aliyekuwa akijisifu kwamba hakuna maumivu ya kumshinda alilia mbele ya watu wote, na hakuna aliyemtania.

Asubuhi iliyofuata alimwinua mama yake kitandani kama kawaida. Alipofika katikati ya ua akasimama.

"Vipi, mwanangu?" mama akauliza. "Nimekuwa mzito?"

"Hapana, mama. Wewe si mzito."

"Mbona umesimama?"

"Namshukuru Mungu kwa goti langu."

Mama hakuelewa, akacheka tu, akamshika shingo vizuri zaidi. Mhina alimweka barazani, akamtandikia khanga miguuni. Halafu, badala ya kwenda moja kwa moja kazini, akavuka njia mpaka kwenye cherehani.

"Fundi, nisamehe."

"Yamekwisha," Mbelwa akasema, na akaendelea kushona, maana naye macho yalikuwa yamejaa machozi.

Jioni ile Mhina aliingia mazoezini. Mtu wa kwanza kukabana naye aliushika mkono wake, na kabla hajaanza hata kuunyoosha, Mhina akagonga. Mwenzake alishtuka akadhani amemuumiza. Mhina akamwambia hapana, waendelee. Akakabana na mwingine, akashikwa shingo, akagonga. Hakuna aliyemtania kwa habari ya mwenye nyumba siku hiyo.

Mazoezi yalipokwisha, hakumfuata mwalimu. Alikuwa anakunja mkanda wake aondoke. Mwalimu ndiye aliyemwita.

"Mhina. Umegonga leo?"

Kijana akatazama chini. "Nimegonga, mwalimu."

"Uliumia?"

"Hapana. Nilikuwa bado sijaumia."

Mzee akavuta kile kiti chake cha mbao mpaka ukingoni mwa mkeka, akaketi. Akamwita na Mbelwa.

"Basi keti chini, mwanangu," akasema. "Mpe Mbelwa mguu wako, tuanze."

Funzo: Si kila jeraha hutanguliwa na maumivu. Kubali mapema ungali mzima, na ukimwona mwenzako kiburi kimemzuia kugonga, mgongee wewe, hata kama watu watakucheka.