Mwalimu Buku na Muhuri wa Fisi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini, nyie mnaopiga miayo?"

"Pakawa shule!"

"Na ndani ya shule?"

"Sema wewe!"

Haya, nasema. Ndani ya shule palikuwa na Mwalimu Buku, yule panya mkubwa mwenye mkia mrefu. Aliwafundisha watoto wa wanyama kusoma nyayo. Hakuwa na chaki, hakuwa na ubao. Aliwatoa nje, akawainamisha, akawauliza, "Nani amepita hapa? Alikuwa na haraka? Alikuwa na njaa?" Nao wakabishana mpaka wakajua. Asiyejua nyayo huliwa mapema, na Buku alitaka wanafunzi wake wote wazeeke.

Lakini kila Ijumaa alikuja Mkaguzi Fisi. Chapa, chapa, chapa! Darasani haingii. Anagonga muhuri kwenye makaratasi, pa! pa! pa! bila kusoma hata neno, kisha huyoo jikoni. Nyafu, nyafu, nyafu! Chungu cha makande ya watoto kinabaki kitupu.

Wazazi wakiuliza, Fisi husema, "Mimi? Nimekuta chungu kitupu. Muulizeni mwalimu wenu, mbona anazidi kunenepa?"

Wazazi wakamwamini mwenye muhuri. Mama Nungunungu akamtoa mwanawe. Mama Kanga akawatoa wanawe sita. Wanafunzi arobaini wakabaki tisa, na hao tisa walisinzia kwa njaa. Buku akarudi kwake, akaketi, akalia. "Ninafundisha nini? Ninamfundisha nani?"

Ijumaa iliyofuata Buku akawaita wazazi wote shuleni. Kabla hawajafika, akamwaga jivu jikoni, akalisawazisha vizuri. Fisi akaja, chapa, chapa! Akala, nyafu, nyafu! Akajifuta mdomo, akatoka nje, akawakuta wazazi wamejaa uwanjani.

"Wanangu," Buku akawaambia wale tisa, "ingieni jikoni, msome jivu, mwandike mlichokiona."

Wakaingia, wakasoma, wakaandika. Buku akampelekea Fisi karatasi tisa.

"Mheshimiwa, tusahihishie mtihani."

Pa! pa! pa! Fisi akagonga zote tisa.

"Umeyasoma majibu, Mheshimiwa?"

"Unanifundisha kazi yangu, wewe panya?"

"Hata kidogo. Basi naomba niwasomee wazazi." Buku akasoma kwa sauti: "Aliyekula makande yetu ana miguu ya mbele mirefu, ya nyuma mifupi. Aliingia akikimbilia chungu, akatoka akiburuza tumbo. Ni Mkaguzi Fisi." Akaiinua karatasi juu ili wote waone muhuri wa mkaguzi mwenyewe: SAHIHI.

Mama Nungunungu akasimamisha miiba, cha! Fisi akaufyata mkia, akatimka, wazazi wakamfuata kwa kelele mpaka mtoni.

Jumatatu watoto arobaini wakarudi. Wakala makande wakashiba, wakasoma wakabishana, na Mwalimu Buku akacheka kwa mara ya kwanza mwaka ule. Ilikuwa Jumatatu moja tu, ndugu zangu.

Jumanne ikaja barua. Fisi amepandishwa cheo, sasa yuko makao makuu. Na Buku amehamishiwa stoo ya makaratasi, nyuma ya mlima, pasipo na mtoto hata mmoja. Barua ilikuwa na muhuri, na nani atabishana na muhuri? Wazazi wakasema, "Pole, Mwalimu," wakaenda mashambani kwao.

Jumatano watoto wakakuta darasa halina mtu. Wakatoka nje, wakainama.

"Amepita hapa," akasema mtoto wa Nungunungu. "Hakuwa na haraka."

"Hapa alisimama," akasema mwenzake. "Hapa aligeuka kuangalia shule. Hapa alikaa chini."

Hakuna aliyekosea hata mmoja. Na hapakuwa na wa kuwaambia kwamba wamepata.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi, nimeshazoea.

Mnataka na funzo? Haya, chukueni. Enyi walimu, mkitaka kudumu kazini, msimfundishe mtoto mpaka akaelewa. Jazeni makaratasi, mkaguzi akija mpeni kiti na chungu, na mkiwa darasani tazameni dirishani mpaka kengele ilie. Mwalimu wa namna hiyo hahamishwi.